Kwenda kwa tanga, kurudi kwa trela

Kutoka Mtwara hadi Lindi kwa njia ya bahari ni kama maili 35 za baharini. Wakati wa Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, boti ya mita 6 ikitoka Mtwara alfajiri huingia Ghuba ya Lindi jua likiwa bado juu, kwa mwendo wa maili 4 hadi 5 kwa saa, upepo ukitokea nyuma ya bega la kushoto na mkondo ukiisindikiza. Kurudi kwa tanga ni shughuli nyingine. Upepo unakukaa usoni, na mkondo wa pwani hii haurudi nyuma: mkondo mkubwa utokao mashariki hupiga pwani karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, na tawi lake la huku kwetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Ukibisha (kuupinga upepo kwa kwenda mshazari huku na huku) maili 35 za mstari ulionyooka, utatembea maili 50 na zaidi. Kwa barabara, Lindi na Mtwara zimeachana kwa kilomita mia na ushee za lami.

Hiyo ndiyo hesabu ya boti ya tanga inayopanda trela kwa ukanda huu. Unateremka na upepo, unaitoa majini, unairudisha kwa gari. Wakati wa Kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, unaweza hata kwenda na kurudi kwa tanga, maana upepo unakuja ubavuni pande zote mbili, ila safari ya kurudi Mtwara itakuwa ndefu kwa sababu ya mkondo uleule.

Kwa hiyo unapoangalia boti, iwe ya mtumba kutoka nje au ya kujengewa na fundi kwa plaiwudi na epoksi, maswali mawili yatangulie mengine yote. Je, inaweza kukaa mchangani maji yakipwa bila kuumia? Je, watu wawili wanaweza kuiingiza majini na kuitoa bila krini? Vitanda, meza na taa tutavijadili baadaye, tena kwa kifupi.

Ukubwa

Urefu wa mita 5 hadi 6.5 unatosha. Chini ya hapo hakuna pa kulala. Juu ya hapo gari la kawaida linaanza kulalamika. Upana wa boti nyingi za aina hii ni kati ya mita 2.1 na 2.5, na kipimo hicho kimetokana na barabara, si bahari. Ndiyo maana boti hizi ni nyembamba kuliko ambavyo mchoraji angependa, na ndiyo maana zinahitaji farumi, uzito wa chini unaoizuia boti isipinduke.

Mifano miwili inayojulikana duniani inaonyesha mipaka. Catalina 22 ya Marekani ina urefu wa mita 6.5, upana wa mita 2.3 na uzito wa karibu tani moja. Mkuku wake (uti wa chini ya boti) wa chuma unaokunjika una kilo 250 hivi, na ukiinuliwa boti hushuka majini sentimita 60 tu, ukiteremshwa mita 1.5. Upande wa pili kuna Drascombe Lugger ya Uingereza, iliyochorwa na John Watkinson: mita 5.7, uzito wa kilo 340 hivi, haina chumba, ubao wake wa chini ukiwa umeinuliwa inaelea kwenye maji ya sentimita 25. Ya kwanza inahitaji gari lenye nguvu na mteremko mzuri. Ya pili, watu wanne wanaisukuma juu ya magogo kama ngalawa. Kwa mtu anayeanza, na kwa fukwe zetu zisizo na njia ya zege, nzuri zaidi ni ile iliyo karibu na ya pili: kilo 400 hadi 700, kijichumba cha mbele cha kulala wawili, na nyuma wazi.

Mkuku

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa sababu bahari yetu inapanda na kushuka sana. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Ukitia nanga kwenye ghuba yenye mchanga wa kulala, ile ya kuteremka kidogokidogo, saa sita baadaye boti iko nchi kavu na ukingo wa maji uko mbali. Kupwelewa si ajali huku. Ni sehemu ya ratiba. Siku za maji mafu mambo yanatulia, lakini huwezi kuchagua boti kwa ajili ya siku za maji mafu peke yake.

Mkuku uliogandishwa wa mita moja na nusu, ule wa yoti kubwa, utauacha upande wa maji yenye kina. Zinabaki aina nne.

Kuna ubao wa kuchomeka, unaoshuka wima kama droo. Ni rahisi kujenga na unakata maji vizuri, lakini ukigonga mwamba hauna pa kukimbilia. Nguvu yote inaingia kwenye sanduku la ubao, na sanduku likipasuka boti inaingiza maji katikati kabisa ya sakafu. Kwa maji ya ndani ya Ghuba ya Mikindani unaweza kuishi nao. Kwa Mnazi na Msimbati, penye matumbawe, ukae nyumbani.

Kuna ubao wa kuzunguka kwenye pini. Huu ukigusa chini unajikunja wenyewe, na kelele yake ndiyo kipima kina chako cha bei rahisi. Kwa pwani hii ndio chaguo la kwanza. Adui wake ni mchanga na changarawe. Boti ikikaa chini maji yakiwa yanatikisika kidogo, vijiwe huingia ndani ya sanduku na kuubana ubao. Maji yanajaa, boti inaelea, ubao haushuki. Dawa ni mbili, na zote zifanywe wakati wa kujenga. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 6 kila upande kati ya ubao na sanduku, usibane kwa tamaa ya kuzuia kelele. Kisha weka tundu juu ya sanduku, lenye kifuniko, ambalo unaweza kupitisha bapa la chuma au mbao ngumu na kuusukuma ubao kutoka juu. Boti isiyo na tundu hilo itakulazimisha kuogelea chini yake na bisibisi.

Kuna mkuku wa chuma unaokunjika, kama wa Catalina. Ni ubao wa kuzunguka wenye uzito, kwa hiyo ndio farumi pia. Ni mzuri, lakini una vitu vitatu vya kukagua kabla hujatoa hela: pini, waya na winchi. Pini ikila tundu lake, mkuku hucheza na utausikia ukigonga usiku kucha kwenye mawimbi madogo. Waya wa kuinulia, hata wa chuma cha pua, hufa kutokea ndani pale unapoingia kwenye kishikio, mahali usipopaona. Ubadilishe kila baada ya miaka miwili bila kusubiri uonyeshe nyuzi. Ukikatika mkuku ukiwa juu, kilo 250 zinaanguka kwa mara moja na kinachozizuia ni pini na kuta za sanduku. Baadhi zina bolti ya kuufungia mkuku chini. Ukiwa nje kwenye maji ya kina, ifunge, ili boti ikilala sana mkuku usirudi ndani. Ukikaribia fungu au mwamba, ifungue. Wengi wanasahau hili la pili.

Mwisho kuna mikuku miwili ya pembeni. Boti inasimama wima mchangani kama kuku, hakuna sanduku, hakuna waya. Ubaya wake ni kwamba haipandi vizuri dhidi ya upepo, inakaa juu kwenye trela, na kwenye tope la mikoko, mfano mkono wa Lukuledi, tope linaweza kuing'ang'ania hadi maji yapite yanapotakiwa kuinua. Anayekaa Lindi na kufanya safari fupi za ghubani asiidharau.

Kwa boti yenye tumbo la duara, beba magadi mawili (nguzo za kuegemeza boti), hata ya mianzi minene yenye kibao chini, uyafunge ubavuni kabla maji hayajaisha. Sehemu ya kukalia ipimwe kwa mguu au upondo: mchanga mgumu, tambarare, usio na jiwe. Kwenye mteremko, elekeza omo (mbele) au tezi (nyuma) juu, usiilaze ubavu.

Usukani ufuate sheria ya mkuku. Kama ubao unajikunja na usukani haujikunji, ni usukani utakaopokea pigo. Bapa la usukani liwe na bawaba, kamba ya kulishusha na kamba ya kulipandisha. Ile ya kulishusha ishikwe na kipande cha mpira au kijiti laini kinachovunjika kikigongwa. Ukitumia bolti hapo, bawaba za nyuma ya boti ndizo zitang'oka.

Farumi ya maji

Kuna boti, MacGregor 26 ndiyo maarufu, zinazobeba farumi ya maji ya bahari: unaziingiza majini nyepesi, unafungua bomba, tangi la chini linajaa zaidi ya kilo 500, unafunga. Ukiitoa, maji yanamwagika yenyewe trela ikivutwa kutoka majini. Kwa gari dogo ni neema. Lakini ielewe tabia yake. Maji ndani ya maji hayana uzito wa ziada. Farumi hii inaanza kazi pale tu boti inapoinama na tangi kuanza kunyanyuka juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwanzoni boti inalala upesi, abiria wanapiga kelele, halafu inashika. Na tangi lijae kabisa. Lenye nusu ni hatari kuliko tupu, maana maji yanakimbilia upande uleule unaolalia. Baada ya kufunga, chungulia kwenye tundu la hewa uone maji yamefika mdomoni.

Mlingoti na tanga

Mlingoti wa alumini wa mita 7.5 una kilo 20 hivi, lakini ukiwa umelala na kunyanyuliwa karibu na kitako chake unakuwa mzito mara kadhaa. Kiti cha mlingoti kiwe na bawaba juu ya sitaha. Utaratibu ni huu: trela iwe sehemu tambarare, waya za ubavuni zifungwe tayari, mlingoti uegeshwe kwenye pacha nyuma, boriti ya mita 2 isimamishwe mbele ya kiti, ncha yake ifungwe henza (kamba ya kupandishia tanga) itokayo juu ya mlingoti, na kutoka ncha hiyo kamba ishuke hadi omo kupitia kapi za mizunguko minne. Mmoja anavuta, mwingine anatembea na mlingoti hadi ufike pembe ya digrii 30, baada ya hapo kamba inatosha. Dakika 40 kwa mara ya kwanza, 20 ukizoea.

Mambo matatu huharibika hapo. Waya wa ubavuni hunasa chini ya kishikio au ukingo wa dirisha, na skrubu yake ya kukazia inapinda. Mtu wa tatu, hata mtoto, azitazame hizo tu. La pili, mlingoti huyumba kando ukiwa katikati ya njia, kwa sababu mashikio ya waya hayako kwenye mstari mmoja na bawaba, kwa hiyo waya zinalegea. Funga kamba mbili za muda kutoka mlingotini, urefu wa mita 2 juu, hadi kwenye ringi zilizo usawa wa bawaba. La tatu ni nyaya za umeme. Kabla ya kuinua tazama juu, na ukishainua usisogeze trela hata hatua kumi kabla hujatazama tena. Alumini na laini ya TANESCO hazijui bahati mbaya.

Wasiotaka habari hizo wachague tanga la pembe nne lenye foromali (mti wa juu unaoshika tanga) fupi: mlingoti wa mita 4.5, wa mti, hauna waya, mtu mmoja anauchomeka tunduni. Linapanda kwenye upepo kidogo chini ya tanga la kisasa, lakini linashuka kwa sekunde tano. Na lile letu la pembetatu, la jahazi na ngalawa? Linavuta vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba kila unapogeuza kwenye kubisha, foromali ipitishwe upande wa pili wa mlingoti, na foromali yenyewe ni ndefu kuliko boti. Kwa mabaharia watatu ni kawaida. Kwa mtu na mkewe wenye watoto wawili ndani, hapana.

Vyovyote, tanga liwe na mistari miwili ya kupunguzia. Upepo ukifika kilomita 25 kwa saa, punguza mara ya kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani ya Lindi na Mtwara, tangazo ambalo msimu wa Kusi si geni, boti hizi hazina kazi nje ya ghuba. Tanga la poliesta lisiachwe juani bila kifuniko: kitambaa kinavumilia, uzi wa mshono ndio unaotangulia kufa. Vuta mshono kwa kucha. Ukikatika, apewe fundi kabla ya safari.

Isizame

Boti yenye mkuku wa chuma ikijaa maji inazama, isipokuwa umeiwekea kitu cha kuizuia. Hesabu yake si ngumu. Faiba ikiwa majini hubakiwa na kama theluthi ya uzito wake. Chuma hubakiwa na asilimia 86. Chukua boti yenye faiba ya kilo 450: kilo 150 hadi 160. Mkuku wa kilo 250: kilo 215. Injini, nanga, betri: tuseme 60. Jumla ni kama kilo 435, na kila lita ya hewa iliyofungwa inabeba kilo moja. Lita 435 zinaifanya isizame tu. Ili ielee vya kutosha watu kukaa juu yake na kuchota maji, weka 600 hadi 650.

Povu la kununua ni ghali. Madumu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, 32 kati yake, yanakupa lita 640. Yafungwe kwa mikanda chini ya viti na pembeni, juu iwezekanavyo na nusu kwa nusu kila upande, ili boti iliyojaa ikae wima. Yakiwekwa sakafuni yataipindua. Mikanda iwe ya kweli, kwa kuwa dumu moja linasukuma juu kwa kilo karibu 20 na likichomoka linaondoka na kiti. Povu jeupe la kwenye makasha ya televisheni usilitumie karibu na injini, petroli inaliyeyusha.

Sehemu ya kukalia nyuma iwe na sakafu iliyo juu ya usawa wa bahari kwa angalau sentimita 10, na matundu mawili ya kutolea maji yenye upana wa milimita 40 au zaidi. Kizingiti cha mlango wa chumba kisiwe chini ya usawa wa viti. Ukiona boti nzuri ambayo mlango wake unashuka hadi sakafuni, ujue wimbi moja la nyuma linaingia moja kwa moja kitandani.

Chumbani

Ni tanuri. Dirisha kubwa la plastiki linapendeza kwenye picha za Uingereza. Hapa linapika watu. Madirisha madogo, mlango wa juu mbele wa sentimita 45 kwa 45 unaofunguka kuelekea omo, na turubai juu ya boriti ya tanga. Chandarua kwa kila tundu, kwa sababu usiku karibu na mikoko hakuna ujasiri unaosaidia. Urefu wa kukaa bila kugonga kichwa, mita 1.1, unatosha. Maji ya kunywa lita 4 kwa mtu kwa siku, madumu mawili yakae katikati ya boti, si mbele. Mtungi wa gesi ukae nje kwenye sanduku lenye tundu chini, maana gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inalala kwenye ngama, chini kabisa ya boti, ikisubiri kiberiti. Choo ni ndoo yenye mfuniko.

Injini na nanga

Boti yenye mita 5.5 kwenye mstari wa maji haiendi zaidi ya maili 5.7 kwa saa, ukiipa HP 5 au 15. HP 4 hadi 6 inatosha, shafti ndefu ya inchi 20, kilo 25 hivi. HP 15 inakaribia kilo 40 au kuzidi, zote tezi, na omo linanyanyuka. Injini ya HP 6 ikienda nusu mwendo hula lita moja na kitu kwa saa. Ikipachikwa nyuma kabisa, propela hutoka majini kila wimbi linapopita. Kama boti ina kisima cha injini ndani kidogo ya tezi, huo ni ubora wa kulipia.

Nanga ya kilo 6 au 7, mnyororo wa milimita 8 mita 6, kamba ya milimita 12 mita 40. Mnyororo si wa uzito tu, matumbawe yanakata kamba kama wembe. Hesabu kina cha maji yakijaa, usihesabu cha sasa: ukitia nanga penye mita 2 maji yakiwa yamekupwa siku za bamvua, usiku patakuwa na mita 5 na zaidi, ongeza urefu wa omo, zidisha kwa 5, utoe mita 30. Na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma nanga iende mchangani, kamwe si juu ya tumbawe hai. Kabla ya hayo yote, usajili na ukaguzi wa chombo ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na jaketi la kujiokolea ni moja kwa kila kichwa, la kumtosha mwenye kichwa.

Trela

Watu hununua boti nzuri na trela ya kuokoteza, halafu wanashangaa safari inaishia njiani. Kama fundi wa kuchomelea anakujengea, mwambie atumie chuma cha pembe au chaneli, kilicho wazi, unachoweza kukiosha kila upande. Bomba la mraba linaonekana imara, lakini maji ya chumvi yakishaingia ndani hayatoki, na linaoza huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.

Uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari uwe asilimia 8 hadi 10 ya uzito wote. Boti, trela na mizigo vikiwa kilo 900, ndoano ibebe kilo 70 hadi 90. Pungufu ya hapo trela inatikisa mkia ukishika kilomita 80, na kukanyaga breki kwa hofu ndiko kunakoipindua. Ukiona mkia unacheza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, kisha simama usogeze mizigo mbele.

Mkuku au ubao upumzike juu ya gogo la trela. Usining'inie kwenye waya wake. Kila tuta barabarani ni nyundo, na kati ya Lindi na Mtwara kila kijiji kina matuta yake. Mkanda wa winchi ya mbele ni wa kuvutia boti. Wa kuishikilia ni mingine miwili ya nyuma na mmoja wa katikati, yote iende kwenye chuma cha trela.

Kuingiza majini, tumia maji yakiwa nusu na yanajaa. Ukikwama, bahari inakuja kukusaidia. Ukikwama yakiwa yanapwa, gari na boti vinakaa hapo hadi jioni. Tairi za gari ziteremshwe hadi psi 16 au 18 kwa mchanga laini, na pampu iwe ndani ya gari. Afadhali zaidi, gari libaki mchanga mgumu na trela iongezewe kamba nene au bomba la chuma la mita 4, watu waisukume ndani na gari liivute nje. Chomoa waya wa taa kabla haijagusa maji.

Kisha beringi. Habu ikitoka barabarani ina joto. Ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Wiki mbili baadaye beringi ina kutu, na utaigundua kilomita 60 kutoka kokote. Ukifika ufukweni subiri dakika 30 hadi 40. Muda huo ndio wa kusimamisha mlingoti. Grisi iwe ya baharini, isiyoyeyuka na maji. Sili ibadilishwe kila unapofungua habu, hata kama inaonekana nzima. Na sanduku la akiba lisiwe na beringi peke yake: liwe na habu nzima, iliyokwisha jazwa grisi na kufungwa kwenye mfuko, pamoja na pini yake ya kufungia. Kugonga beringi iliyoshikana kwenye ekseli kando ya barabara ni kazi ya nusu siku, kubadili habu nzima ni kazi ya nusu saa.

Ukiitoa boti Lindi, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa mpangilio huu: habu na springi kwanza, kisha fremu, kisha waya wa mkuku na winchi, injini mwisho ukiiendesha ndani ya pipa dakika 5. Laza mlingoti, funga mikanda, angalia taa. Ukifika Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapochepuka, simama. Kaza nati za magurudumu, vuta mikanda tena, na weka kiganja juu ya kila habu. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono kwa sekunde tatu, fungua hapohapo ubadilishe. Mtwara bado ni mbali.